Ukiwakutanisha wanaharakati na watu wa kompyuta, anza kwa kuitupa karatasi ya mahudhurio

Mkutano wangu wa kwanza kuhusu uhuru wa intaneti niliuandaa kama semina. Projekta ipo, ratiba ya dakika kwa dakika ipo, na karatasi ya mahudhurio ipo: jina, shirika, namba ya simu, saini. Karatasi ikaanza kuzunguka kutoka mstari wa mbele. Ilipomfikia dada mmoja aliyekaa karibu na mlango, aliisoma juu hadi chini, akaikunja mara mbili, akaja hadi niliposimama na kunirudishia mkononi.

"Kaka, hii ikidondoka leo, atakayeiokota anatujua sote, na namba za kutupigia anazo."

Na mimi hapo nilikuwa najiandaa kuwafundisha watu usalama wa kidijitali!

Tangu siku hiyo nahesabu vichwa kwa macho, basi. Anayetaka kujulishwa kuhusu mkutano ujao huacha njia anayoichagua mwenyewe, hata kama ni barua pepe aliyoifungua kwa jina la bandia. Kama kuna mfadhili anayedai orodha yenye saini, zungumza naye kabla hujagusa hela yake. Baadaye utakuwa umeshafungwa mikono. Kuhusu picha, najua wapo wanaogawa stika nyekundu kwa wasiotaka kupigwa picha. Mimi sizipendi. Stika nyekundu kifuani inamtangaza mtu kuwa ana la kuficha. Heri simu zisipige picha kabisa, na anayehitaji kumbukumbu apige picha ubao watu wakishaondoka, baada ya kufuta majina.

Tunafungua kwa kanuni ya Chatham House, taasisi ya utafiti ya London, ambayo ipo tangu 1927: uliyoyasikia unaruhusiwa kuyatumia, ila usiseme ni nani kayasema, anatoka wapi, wala nani mwingine alikuwepo. Irudie kwa kila anayechelewa, maana wachelewaji ndio huandika mitandaoni kabla hata hawajapata kiti. Hata hivyo kanuni haimzuii mtu aliyetumwa kusikiliza. Chukulia kuwa yumo. Mkutano ulio wazi kwa wote haufai kupangia maandamano wala kutaja chanzo cha habari. Mambo hayo yana watu wake na faragha yake.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, yaani kuzifanya pande mbili zisikilizane. Watu wa kompyuta (nami ni mmoja wao) tuna ugonjwa wa kujibu kabla hatujaulizwa. Mkutano wa pili, mwenzetu alieleza usimbaji wa ujumbe, yaani kuufunga kwa mafumbo ili asiyehusika asiusome, kwa dakika arobaini, na michoro juu. Alipomaliza, mwanaharakati mmoja aliuliza: "Wakininyang'anya simu ikiwa imeshafunguliwa, hayo yote yananisaidia nini?" Jibu la kweli ni kwamba hayamsaidii sana. Usimbaji unaulinda ujumbe ukiwa njiani. Simu iliyo wazi mkononi mwa mtu mwingine husomeka kama gazeti. Hapo ndipo mazungumzo ya maana yalipoanza: ujumbe unaojifuta baada ya muda, kuzima alama ya kidole na kutumia namba ndefu ya siri unapokwenda mahali pa hatari, na kutobeba simu yenye maisha yako yote ikiwa siku hiyo huihitaji.

Kwa hiyo tuliugeuza utaratibu. Nusu saa ya kwanza mwanaharakati anasimulia kisa kimoja kilichompata, na sisi wa kompyuta ruhusa yetu ni kuuliza tu. Ilizimika intaneti yote, au mitandao ya kijamii peke yake? Laini za kampuni zote, au moja? VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa siri kupitia kompyuta ya mahali pengine, ilishika? Haya si maswali ya kupitisha muda. Misri ilipokata karibu intaneti yote mwishoni mwa Januari 2011, VPN isingefaa kitu, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kupita kwa siri. Pale zinapofungwa programu chache tu, VPN nzuri au Tor (mtandao unaozungusha mawasiliano yako kwenye kompyuta kadhaa ili kuficha ulipo) yenye madaraja yake, yaani milango ya kuingilia isiyotangazwa, inaweza kupenya. Huko Kamerun mwaka 2017 ilikatwa mikoa miwili ya wanaozungumza Kiingereza kwa siku 93, huku sehemu nyingine za nchi zikiendelea kuwa hewani. Vijana wa teknolojia wa Buea, mji wa huko kulikokatwa, wakahamia kijiji cha Bonako, mahali mtandao ulipokuwa bado unashika, wakapaita kambi ya wakimbizi wa intaneti. Kila ukataji una dawa yake, na aliyekuwepo ndiye anayejua ulivyokatwa.

Kipindi cha pili kiwe cha mikono. Kinachotupatia faida zaidi ni OONI Probe, programu ya bure inayopima kama tovuti fulani imefungwa kwenye laini yako. Watu watano wenye laini za kampuni tofauti wanapima anwani ileile kwa wakati mmoja, kisha tunalinganisha. Waambie mapema mambo mawili: anayeuangalia mtandao anaweza kuona kwamba unapima, na matokeo yanachapishwa wazi. Asiyekuwa tayari atazame ya jirani. Tena, programu ikionyesha dalili ya hitilafu usikimbilie kutangaza kuwa tumefungiwa. Sisi tuliwahi kushangilia "ushahidi" ambao kumbe ni seva ya tovuti ile iliyokuwa imelala.

Mahali nisikuchoshe: chumba kidogo, mwenyeji anayejua mnachozungumza, na intaneti yenu ya akiba. Onyesho langu la Tor liligoma kuunganika mbele ya watu wote kwa sababu Wi-Fi ya pale iliizuia. Jasho lilinitoka mpaka mmoja akasema, "Endelea tu, somo tumeshalipata." Chagueni pia siku moja ya mwezi isiyobadilika, ili anayekosa leo asihitaji tangazo kujua mnakutana lini.

Na usitishwe na idadi. Mkutano wa tatu walikuja wanne. Nilitaka kuuahirisha, lakini yule dada wa mlangoni alikuwa miongoni mwao na akasema yeye hajaja kuhesabu viti. Tukaketi meza moja na kupanga tutafanya nini intaneti ikizimwa kesho. Namba muhimu tulizinakili kwenye vikaratasi, nyingine kwa kuzikariri. Tulikubaliana kuwa SMS za kawaida ni za kusema "nipo salama", si zaidi, kwani kampuni ya simu inaweza kuzisoma. Tukaweka Briar, programu inayopitisha ujumbe kati ya simu zilizo karibu kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti, na tukaunganishana palepale wakati mtandao ungali unapatikana. Kisha tukazima data kwenye simu zote na kujaribu. Ujumbe wangu wa kwanza uligoma kutoka, kwa sababu nilikuwa nimezima na Bluetooth.