Kipimo cha gesi kwa mzee wako

Waalaykum salaam kakaangu wa Wete, nimekusoma, mzee kachoma chokaa miaka mingi sasa akipanda ngazi tatu tu hoi, na shemejio alioko Uingereza kasema mtafute kipimo cha kuvuta gesi. Kipo kweli si uzushi, mtu anavuta gesi ya zenoni kwenye mfuko wa plastiki, anabana pumzi kama sekunde 10 hivi huku kalala ndani ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, basi kwenye picha ya mapafu hewa inapofika panang'aa na isipofika panabaki peusi, tena hakuna mionzi kama CT, ile mashine ya picha za eksirei za pande zote. Marekani waliipitisha 2022. Lakini si MRI yoyote tu, inataka na mashine ya kuiandaa ile gesi, kwa hiyo usiuze mikarafuu kwa hilo jamani!! Aanze na eksirei, kohozi lipimwe TB, na spairometri, kile cha kupuliza kwa nguvu kwenye kijibomba, hata huko Ulaya wanaanzia na eksirei na spairometri. Moyo nao uangaliwe, mana kukosa pumzi si mapafu peke yake. Na tanuu la chokaa aliwache sasa hivi, mkiona midomo inabadilika rangi mkimbizeni spitali usiku huo huo msingoje miadi.