Amri za prosesa zavurugika njiani

SWALI: Kanisani kwetu Mbale prosesa ya sauti iko stoo, mita 40 kutoka kwa fundi. Tumevuta waya wa RS-232 (njia ya siriali ya kupitisha amri kati ya vifaa) lakini amri zinafika zimevurugika. Tufanyeje?

JIBU: Waya ni mrefu mno, ndugu, RS-232 huaminika hadi mita 15 hivi. Weka kigeuzi cha siriali kwenda mtandao kando ya prosesa, kisha vuta waya wa mtandao wa Cat5e, unaofika mita 100. Kasi ya siriali ilingane kwenye kigeuzi na prosesa, mara nyingi biti 9600 kwa sekunde. Prosesa isipojibu kabisa, pishanisha pini 2 na 3 za plagi ya siriali (za kutuma na kupokea); ya 5, ya ardhi, usiiguse.

Tafadhali kipe kigeuzi anwani ya IP (namba ya kukitambulisha kwenye mtandao) ya kudumu. Umeme ukikatika na kurudi, ruta yaweza kukipa nyingine, na fundi akakipoteza katikati ya ibada.