Jibu: Gesi ya bomba, umeme na mvuke kiwandani

Ndugu, umeuliza kama kiwanda chenu cha nguo, ambacho kinanunua umeme wa gridi na kuchoma mafuta mazito kwenye boila ya kuchemshia maji yawe mvuke, kitanufaika kwa kufunga mtambo wa kuzalisha umeme na joto kwa pamoja pindi bomba la gesi litakapowafikia.

Naamini kitanufaika, ila hesabu ianzie kwenye mvuke. Injini ya gesi hugeuza takribani asilimia 40 ya nishati kuwa umeme, na sehemu kubwa ya inayobaki hutoka kama joto: moshi wake huwa na nyuzi joto 400 hivi, unaotosha kuzalisha mvuke, na maji yanayoipoza hutoka yakiwa na nyuzi 90 hivi, yanayofaa kupasha maji ya kutilia rangi vitambaa. Joto hilo likitumika vizuri, ufanisi hufika asilimia 80. Likipotelea hewani, mmenunua jenereta ya gharama kubwa. Pimeni mvuke mnaotumia saa kwa saa, hasa usiku na sikukuu, kisha mchague mtambo unaolingana na kiwango ambacho matumizi hayashuki chini yake.

Bomba kuu la Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye kilomita 542 na lililozinduliwa mwaka 2015, lina kipenyo cha inchi 36, lakini kiwanda hulishwa na tawi. Tafadhali, msiagize injini kabla ya kupata kwa maandishi tarehe ya tawi hilo, shinikizo la gesi na bei, na boila ya zamani ibaki mahali pake.