Ukijifunza herufi za Kichina, zipange kwa sauti

Mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza kusoma Kichina, humshauri asome kwanza namna herufi zake zilivyoundwa, kabla hajajaza daftari kwa kunakili. Katika miaka yote niliyojifunza lugha hii, hakuna kilichonisaidia kukumbuka herufi kuliko hilo.

Maandishi ya Kichina ya kale zaidi yanayosomeka yalipatikana karibu na Anyang, mkoani Henan, palipokuwa na mji mkuu wa mwisho wa ufalme wa Shang. Kuanzia yapata mwaka 1250 KK, waaguzi wa mfalme walichoma mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya tumbo ya kobe hadi yakapasuka, wakazisoma nyufa, na swali lililoulizwa likachongwa papo hapo: kuhusu mvua, mavuno, vita, hata maumivu ya jino la mfalme. Kabla wasomi hawajayatambua maandishi hayo mwaka 1899, mifupa hiyo ilikuwa ikisagwa na kuuzwa kama dawa.

Chukua herufi ya farasi, 馬, isomwayo mǎ. Kwenye mifupa ya Anyang ni farasi kamili aliyesimamishwa wima, mwenye jicho, manyoya ya shingo na mkia. Baada ya Qin Shi Huang kuunganisha China mwaka 221 KK, waziri wake Li Si alisimamia kazi ya kuwa na mwandiko mmoja katika falme zote zilizotekwa. Lakini waliombadilisha farasi huyu kabisa ni makarani wa enzi za Qin na Han, ambao kwa wingi wa kazi waliinyoosha mistari iliyopinda ili brashi ipite upesi juu ya vipande vya mianzi, na miguu yake ikaishia kuwa nukta nne. Katika urahisishaji ulioanza mwaka 1956 hata nukta hizo zikawa mstari mmoja: 马.

Picha hizi zinavutia, na walimu wengi huanza nazo, lakini nakusihi usizitegemee, kwa sababu herufi zilizotokana na picha tupu ni chache. Sehemu kubwa ya herufi ina pande mbili, mmoja ukidokeza maana na mwingine sauti. Ukimtanguliza 女, mwanamke, mbele ya farasi, unapata 妈, mama, isomwayo mā. Ukimtangulizia 口, mdomo, unapata 吗, kiulizi cha mwisho wa sentensi. Farasi hahusiani na mama wala na swali. Yumo kwa ajili ya sauti yake tu. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake yapata mwaka 100 BK, alizipanga herufi 9,353 chini ya vichwa 540 vya maana, na kamusi nyingi zimefuata njia hiyo. Mwanafunzi afanye kinyume: daftari lake alipange kwa sauti. Ukurasa wangu wa 青, qīng, una 清 yenye maji, yaani safi. 晴 yenye jua, yaani anga isiyo na mawingu. 情 yenye moyo, yaani hisia. Na 请 yenye usemi, yaani kuomba. Zote husomwa qing, zikitofautiana toni tu, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka, na zikiwekwa pamoja hukaa kichwani kwa urahisi.

Sauti nyingine zimehama kwa karne nyingi. Herufi 江, mto, husomwa jiāng ilhali upande wake wa sauti, 工, husomwa gōng. Za namna hii zitengee ukurasa wake.

Kuhusu mwandiko wa kuchagua, anayekwenda China bara au Singapore ajifunze uliorahisishwa, na anayekwenda Taiwan au Hong Kong ajifunze wa awali. Hata hivyo, wa kundi la kwanza ajizoeze kuutambua wa awali kwa macho, kwani urahisishaji ulifuta vidokezo kadhaa. Herufi 聽, kusikiliza, ilikuwa na sikio ndani yake. 听 ya sasa ina mdomo. Kila ninapokutana na herufi ya aina hiyo, huandika umbo la awali pembeni ya lile jipya.