Jibu: Nywele zimetoka rangi ya chungwa, nifunike na nyeusi?

Pole sana dada. Blichi ya nyumbani, ulitaka rangi ya asali ukapata chungwa, ukajaribu shampuu ya zambarau bila mafanikio, na sasa unauliza kama upake nyeusi juu. Tafadhali usipake. Nyeusi ya kudumu ni ngumu mno kuitoa, na ukibadilisha nia mwezi ujao utarudi kwenye blichi tena.

Hiyo chungwa imetoka ndani ya nywele zako mwenyewe. Nywele nyeusi zikichubuliwa hupita wekundu, halafu chungwa, halafu manjano. Zako zimeishia katikati. Ndiyo maana ile shampuu ya zambarau haikusaidia: zambarau huzima manjano. Chungwa huzimwa na buluu. Pale maduka ya vipodozi ya Dubois Road, Nairobi, ulizia shampuu au tona (dawa ya kurekebisha rangi) ya buluu, na usome lebo vizuri kabla ya kulipa. Anza na dakika chache tu, suuza, angalia zikiwa zimekauka. Hazitakuwa nyeupe, zitatulia kuwa kahawia, na kahawia iko karibu na asali uliyoitaka.

Dawa ya vitamini C iliyosagwa na shampuu ya mba hufifisha rangi ya kupaka, lakini hapa haina kazi, maana chungwa yako si rangi ya kupaka. Na Jik ni ya nguo, isiguse kichwa kabisa.

Chochote utakachotumia, jaribu kwanza kwenye kishungi kidogo nyuma ya sikio.

Hukutaja kama una rileksa, yaani dawa ya kunyoosha nywele. Kama unayo, blichi ya pili inaweza kuzikata nywele. Unayo?