Kwa madereva wapya wa Malindi: msiguse valvu mchana

Wadogo zangu mnaoanza kubeba abiria, wiki hii nimewaona tena mkirudia kosa lile lile la kutoa upepo kwenye tairi lenye joto, nami siwezi kunyamaza kwa sababu nyuma yenu wamekaa watu.

1. Msipunguze upepo wa tairi lililopata joto. Gari hufika kutoka Mombasa adhuhuri, dereva hupima presha, hukuta PSI 37 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) ilhali kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango kinasema 33, naye kwa nia njema kabisa huitoa ile ziada kisha akaelekea Garsen. Ziada ile si hitilafu. Presha ya hewa ya ndani hupanda takribani PSI 1 kwa kila nyuzijoto tano au sita, na kipimo cha kibandiko ni cha tairi lililopoa, gari likiwa limesimama angalau saa tatu. Kwa hiyo kesho alfajiri tairi hilo litakuwa na 29, na gari limejaa. Tairi lenye upepo mchache hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kule kujikunja huzaa joto, na joto huuachanisha mpira na nyuzi zake mpaka tairi lipasuke. Kijana mmoja niliyemfundisha mwenyewe lilimpasukia la nyuma kabla ya Garsen. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Tulipolivua kwenye rimu tulikuta ndani unga mweusi wa mpira uliosagika, na huo ni ushahidi kwamba lilikuwa likiteseka muda mrefu kabla ya siku ile. Pimeni alfajiri, kabla ya gari kutoka nyumbani, na kila mtu awe na geji yake.

2. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi zimekatika. Hauzibwi, tairi linabadilishwa, hata kama tajiri atanung'unika.

3. Kabla ya kununua tairi la mtumba, someni tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa DOT, yaani maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi hizo, kwani ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno marefu hayaonyeshi umri, na spea nayo huzeeka ikining'inia chini ya gari.

4. Likipasuka njiani, usikanyage breki ghafla. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, liache gari lipunguze mwendo lenyewe, ndipo ulitoe kando na kuwashushia abiria upande usiopita magari.