Maswali yenu: jeni na saratani ya tumbo

Shikamoo daktari. Baba amekatwa kinyama tumboni, imeonekana saratani. Ripoti inasema "HER2 3+". Ndiyo hatua ya tatu?

Marahaba. Hapana. Hizo alama hazihusiani kabisa na hatua ya ugonjwa, na wengi huzichanganya. HER2 ni protini inayokaa juu ya seli na kupokea amri ya kukua. Sote tuna jeni yake. Katika baadhi ya saratani, jeni hiyo hujizidishia nakala na protini ikafurika. Maabara hupaka kinyama dawa ya rangi, kisha husoma: 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, 2+ inahitaji kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni yenyewe. Hatua mtaijua kwa CT scan, na pengine upasuaji.

Basi hiyo 3+ ni habari mbaya?

Tafiti zimegongana: nyingine zilisema wenye HER2 nyingi hufariki mapema, nyingine hazikuona tofauti. Mimi nisingeitumia kumtabiria mzee siku zake. Faida yake ni kuchagua dawa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa ToGA: wagonjwa 594 wa HER2 chanya, ambao ugonjwa ulikuwa umeshasambaa au haufai tena kupasuliwa. Waliopewa kemo peke yake, nusu yao walivuka miezi 11.1, walioongezewa trastuzumab, dawa inayolenga HER2, miezi 13.8. Si miezi mingi, lakini ipo. Muulizeni daktari wake kama dawa hiyo inapatikana na bei yake, na moyo upimwe kwanza, maana inaweza kuudhoofisha.

Nimesoma kuna vipimo vya jeni nyingi kwa pamoja vinavyojua nani atapona. Nivitafute?

Usiuze shamba. Makala za namna hiyo ni nyingi mno, na nyingi zinakwama zikijaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali nyingine. Isitoshe, uvimbe mmoja hauko sawa kote: kipande hiki jeni inafanya kazi kwa nguvu, cha jirani imelala. Kina cha uvimbe na idadi ya tezi za limfu zilizovamiwa na saratani bado vinatabiri vizuri zaidi. Kimoja cha kuulizia ni MSI, hitilafu ya seli kushindwa kusahihisha makosa ya DNA. Wenye nayo kwa kiwango cha juu mara nyingi huendelea vizuri zaidi baada ya upasuaji.

Mama alifariki kwa saratani ya tumbo. Watoto wangu wapimwe jeni?

Pole sana. Kuzidi kwa HER2 hakurithiwi, hutokea ndani ya uvimbe. Inayorithiwa ni hitilafu ya jeni iitwayo CDH1, iliyogunduliwa mwaka 1998 katika familia za Wamaori wa New Zealand, nayo ni nadra. Ingenishtua kama ndugu kadhaa wameugua, au mmoja akiwa kijana. Vinginevyo anza na kipimo cha choo cha *Helicobacter pylori*, bakteria anayeishi tumboni, wewe kwanza. Akionekana, meza dawa zote hadi mwisho, kisha upime tena.